Mapigo Elfu Tatu

Hapa hospitali wananiita Mama Mawe, na jina lenyewe limenichosha kama kazi yenyewe. Miaka tisa navunja mawe ya figo kwa mashine. Hakuna kisu. Mgonjwa analala kifudifudi, mto wa mashine uliojaa maji unamgusa mgongoni, mashine inapiga: ta, ta, ta. Kila pigo ni wimbi la mshtuko, kama la baruti, ila dogo. Linapita kwenye maji, linapita kwenye nyama, likifika kwenye jiwe linalipasua. Mapigo elfu tatu, basi. Ukizidisha, unaumiza figo yenyewe.

Siku hiyo aliyelala pale alikuwa baba yangu.

Baba amelipua miamba machimboni miaka thelathini. Masikio yake yanasikia nusu. Figo moja ilishatolewa. Iliyobaki ilikuwa imezibwa na jiwe, na daktari alishasema wazi: lisipovunjika leo ni upasuaji, na moyo wa mzee hauwezi kuhimili dawa ya usingizi. Nilitamani mtu mwingine ashike mashine. Mtu mwingine hayupo.

"Umechoka, mwanangu," alisema nikimpaka mgongoni jeli ya kuunganisha ngozi na mto.

"Lala, Baba. Foleni imefika mlangoni."

Mapigo elfu mbili. Natazama skrini: jiwe zima, limetulia, kama halina habari. Mdomo ukatoa maneno ninayowaambia wagonjwa wote ikifika hapo. "Jiwe lako gumu, mzee."

"Gumu wapi!" Baba akafoka, kwa sauti ile ya watu wasiosikia vizuri. "Linanichapa ngozi tu, haliingii ndani. Zima hicho kidude. Hapo pana hewa."

"Baba, hii si baruti."

"Mshindo ni mshindo! Mimi nikijaza shimo baruti nikaacha uwazi, mlipuko unaishia hapohapo, mwamba unanicheka. Hiyo dawa umeipakaje?"

Nimeipakaje? Kama siku zote: nabinya chupa, naichora jeli huku na huku, nasambaza kwa kiganja, harakaharaka, nimalize mgonjwa wa kumi nirudi nyumbani. Niliinua mto. Loo! Jeli imejaa viputo kama povu la sabuni. Na wimbi likikutana na hewa linarudi lilikotoka. Hilo nilifundishwa mwaka wa kwanza chuoni, nikalijibu kwenye mtihani, nikapata alama zote.

Nilifuta yote. Nikachota bonge moja la jeli kutoka kwenye kopo, nikaliweka katikati bila kuligusa tena, nikashusha mto polepole uisambaze wenyewe. Yamebaki mapigo elfu moja.

Hayajafika hamsini, Baba akasema, "Sasa limeingia." Kwenye la mia saba jiwe likameguka. La mwisho lilipopiga, skrini ilionyesha changarawe tu.

Nililia, sifichi. Baba akanishika mkono uliojaa jeli.

"Unalia nini sasa, na mimi mzima?"

"Wale niliowaambia mawe yao ni magumu, Baba. Walikwenda kupasuliwa."

"Wangapi?"

"Mwaka huu kumi na saba," nilinong'ona. "Mmoja hakuamka."

Akanigeuzia sikio lake zuri. "Sema kwa nguvu, mama. Sijasikia."

Nilitazama mlango. Ulikuwa wazi, na foleni yote ilikuwa imekaa kimya ikinisubiri.

Nikarudia, kwa nguvu.