Kombe la Jumatatu

Watu wa klabu wakishakunywa bia mbili huniomba niwasimulie kile kisiwa. Nimechoka nacho. Nimekisimulia mara nyingi mpaka nakiona kama alikwenda mtu mwingine, na kila mara huishia pale ninapokabidhiwa kombe. Wao hupiga makofi, tunaagiza nyingine. Leo nitafika mwisho, maana mama hayupo tena wa kusikia.

Jina langu Lugembe. Mwaka sabini na nne nilikuwa karani wa mizigo stesheni ya Tabora, na jioni nilikuwa nacheza gofu. Usicheke. Wazungu walipoondoka walituachia uwanja wa mashimo tisa, wenye vichuguu na mbuzi wa watu, nasi wachache tukaufanya wetu. Kwa kuwa majani yetu hayavumilii kiangazi, kila shimo lilizungushiwa duara la mchanga uliochanganywa na oili chafu ili upepo usiupeperushe. Mpira ukifika pale, unachukua ubao wenye mpini, unaburuza mchanga kutoka kwenye mpira hadi shimoni, unapata njia laini, ndipo unausukuma. Mzee Yahaya, mtunza uwanja, alizoea kusema kwamba Tabora hata mlevi hufunga, ilimradi ameburuza vizuri.

Barua ililetwa na Fazal, muuza vitambaa, ambaye ndiye alikuwa katibu wa klabu. Hoteli mpya ya kifahari, kwenye kisiwa kimoja mbali huko baharini, ilialika wachezaji wanne kutoka kila nchi jirani, nauli na malazi juu yao.

"Tafuta shati zuri, Lugembe," akaniambia. "Mipira yako ya kutambaa chini, huko kwenye upepo itawatoa jasho."

Stesheni walinipa likizo. Katibu wa chama aliniuliza gofu ni mchezo wa nani, kwa sauti ile ya mtu ambaye jibu analo tayari. Nikamwambia ni mchezo wa kutembea, ndugu, unatembea, unasimama kidogo, unatembea tena. Akagonga muhuri.

Shida ilikuwa mama. Mama yangu, Bertila, aliishi peke yake kule Ziba, kwenye nyumba aliyoijenga na marehemu baba, na mwaka ule amri ilikuwa imetoka kwamba watu wote wahamie kijiji cha ujamaa. Siku ya upande wetu ilipangwa kuwa Alhamisi, mwishoni mwa Septemba. Luhende, balozi wa nyumba kumi, ambaye nilichunga naye ng'ombe, alinitumia salamu kwamba mama anagoma. Nikapanda basi.

"Shikamoo, mayo."

"Marahaba, baba. Najua umetumwa."

"Sijatumwa. Ila kuhama ni lazima."

"Nimekataa wapi? Sikiliza. Mgambo wakija kunitoa, nitakuwa nimefukuzwa kwangu, uzee wote huu. Ukinitoa wewe mwanangu, nitakuwa nimehama. Kuhama si aibu, watu wote wanahama."

"Nitakuwa hapa Jumatano jioni. Alhamisi godoro lako nitalibeba mwenyewe."

"Utatoka huko kwenye maji ukafika?"

"Nitafika, mayo."

Na hesabu ilikuwa inakubali. Mashindano yanaisha Jumapili, ndege usiku uleule, Jumatatu nipo Dar es Salaam, treni ya jioni, Jumanne usiku Tabora, Jumatano Ziba.

Kisiwa chenyewe kilikuwa kizuri, sina ugomvi nacho. Lakini mimi nilitoka Ziba, ambako mvua zilikuwa zimetunyima na ng'ombe walikuwa wanatafuna mabua ya mwaka juzi, nikafika mahali ambapo majani yanamwagiliwa asubuhi na jioni, kijani mpaka macho yanauma, wala hakuna hata mbuzi. Kuzunguka shimo hapakuwa na mchanga. Palikuwa na majani tu, mafupi kama nywele za mwanafunzi wa seminari.

Kwenye shimo la kwanza niliufikisha mpira wangu vizuri, nikasimama kutafuta ubao. Sikuuona. Nikamuuliza mbeba fimbo wangu, kwa Kiingereza changu cha stesheni, kifaa cha kusawazishia kiko wapi. Akashangaa kidogo, akaenda kuniletea reki wanayotumia kwenye mashimo ya mchanga ya pembeni. Nikaipokea, nikaiburuza kutoka kwenye mpira hadi shimoni, kama nilivyofanya miaka kumi.

Nilisikia watu wanapiga kelele. Nilipotazama nyuma yangu, yale majani yao yalikuwa yamechanwa mistari kama shamba lililotifuliwa tayari kwa karanga. Meneja wa hoteli alikuja mbio, suti na viatu vyeupe. Raymundi wa Moshi, kiongozi wetu, alifunika uso kwa kofia. Niliadhibiwa kwa kuongezewa mapigo mawili kwenye hesabu yangu, na siku nzima kila niliyempita alikuwa anacheka. Nilikasirika, nasema kweli. Nilikasirika kwa ajili yangu na kwa ajili ya mzee Yahaya na oili yake.

Hasira hiyo ndiyo iliyocheza. Upepo wa bahari ulichukua mipira ya wenzangu ukaipeleka unakotaka, mimi yangu ikatambaa chini, pale upepo usipofika. Jumapili saa kumi na mbili jioni majina yakasomwa. Nilikuwa nimelingana na daktari mmoja wa Nairobi, juu kabisa. Mwanga ulikuwa umekwisha. Wakasema tutarudi uwanjani Jumatatu asubuhi, mashimo matatu, apatikane mshindi.

Raymundi alinivuta pembeni. "Ndege ni saa mbili usiku. Nyingine ni Jumatano. Mwachie daktari, wa pili si haba."

Nilimfikiria mama? Nilimfikiria. Labda kwa dakika tano. Nikajiambia Luhende yupo, Luhende ni kama mwanawe. Nikajiambia mgambo nao huchelewa. Lakini haya yalikuwa maneno ya kujifariji. Nilitaka kushinda. Maisha yangu yote nilikuwa naandika mizigo ya watu wengine inakokwenda, na nilitaka mara moja tu jina langu lisomwe kwa sauti mbele ya watu waliovaa tai. Wenzangu watatu wakaondoka.

Jumatatu nilishinda. Haikuchukua hata saa moja.

Halafu nikakaa siku mbili kungoja ndege. Hakuna aliyenisemesha, kwa kuwa mashindano yalikuwa yamekwisha na wageni wa hoteli hawakujua mimi ni nani. Nilikaa kivulini na kombe langu, nikawatazama vibarua wanakata majani, wanayapakia kwenye toroli, wanakwenda kuyatupa. Toroli baada ya toroli. Sijawahi kuchoka vile, na nilikuwa nimekaa.

Nilifika Tabora Ijumaa usiku. Jumamosi asubuhi nilimwachia Fazal kombe, nikapanda basi la Nzega, nikadandia lori la pamba hadi Ziba. Luhende alikuwa kando ya barabara. Hakunilaumu, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Walikuja Alhamisi saa nne," akasema. "Mama alikuwa amefunga kila kitu, amevaa khanga mpya, amekaa mlangoni. Nikamwambia, mama, twende, nitabeba mimi. Akanijibu, Luhende, wewe una mama yako. Mgambo wakangoja wee, wakachoka. Akaingia ndani. Wakaezua paa yeye yumo. Mwishowe wakambeba na kiti chake hadi kwenye lori."

"Na kiwanja cha kule kijiji kipya?"

"Viligawiwa palepale. Si unajua, asiyekuwepo na lake halipo. Amepata kule mwisho, mbugani. Masika maji yatamfikia."

Nilimkuta amekaa chini ya kibanda cha miti na turubai, vyombo vyake vimemzunguka, havijafunguliwa. Aliitikia shikamoo yangu bila kuninyanyulia macho. Nilikuwa nimekwisha kupanga njia nzima kwamba nitamwambia kweli, nipige magoti, nikubali chochote. Ila nilipomwona alivyokaa, mwanamke aliyebebwa na kiti mbele ya majirani zake, neno likatoka lenyewe.

"Ndege iliharibika, mayo."

Akanitazama. Uso wake ukalegea, kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani.

"Mimi nilisema!" akasema. "Nilimwambia Luhende, kuna kitu kimeharibika, huyu hawezi kuniacha. Pole baba. Njoo ukae. Umekula?"

Alinipikia ugali yeye, siku ile. Akaniuliza habari za kisiwa, nikamwambia habari za majani.

"Wanamwagilia majani? Nani anayakula?"

"Hakuna anayekula."

"Hata ndama mmoja?"

"Hata mmoja. Wanayakata, wanayatupa."

Akaniongezea ugali. "Watu hao nao wana tabu zao," akasema.

Jirani mpya akapita na ndoo ya maji, mwanamke aitwaye Apolinaria, aliyekuwepo Alhamisi na kuona yote. Mama akamwita kwa sauti kubwa. "Mama, njoo umwone. Huyu ndiye mwanangu. Ndege yao iliharibika huko baharini. Mimi sikufukuzwa, unasikia? Nilihama. Mwanangu alikuwa njiani."

Apolinaria akatua ndoo, akanipa pole. Na kweli, Alhamisi saa nne nilikuwa njiani. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi stesheni ya Dar es Salaam, kombe mapajani, nangoja treni ya jioni.

Niliporudi Tabora, Fazal alikuwa ameandika habari nzima ya kupeleka gazetini, na picha, na tarehe. Nikamwomba aichane. Hakuelewa, akadhani ni mambo ya siasa, akaichana. Luhende alikuwa anasoma magazeti, angeona kwamba nilibaki kucheza, na Jumatatu ni Jumatatu.

Mama alifariki mwaka sabini na tisa, kwenye kiwanja kilekile cha maji. Tulipotoka kaburini, Apolinaria alinishika mkono, akawageukia wageni waliotoka mbali. "Huyu ndiye yule," akawaambia. "Yule ambaye ndege yake iliharibika. Marehemu alikuwa hachoki kumsimulia." Wakanijia mmoja mmoja, wazee kwa vijana, wakanipa pole ya msiba na pole ya ndege.

Nikasema asante.