Miwani Ukutani

Mlango ulikuwa mfupi kwa kiganja kizima, na Mzee Twalibu, mwenye duka, hakuona sababu ya kumstahi fundi.

"Murhula, umeniletea mulango wa duka ama wa banda la mbuzi?"

Waliokaa barazani waliangua kicheko. Murhula alikivuta kipimo chake mpaka karibu na pua, akakikodolea macho, akakirudisha mfukoni. Tangu aanze useremala hapo mtaani Mutakura, hakuna mtu aliyewahi kumrudishia mlango.

"Lineti yako iko wapi?" Twalibu aliuliza, sasa kwa sauti ya chini, akiyatazama macho ya fundi yasiyo na miwani.

"Iko kanisani."

"Inafanya nini kule?"

"Wameitundika ukutani."

"Astaghafirullahi. Ni Mungu alikunyang'anya, ama ni watu?"

Murhula alijitwika mlango wake akaondoka, na njia nzima swali lile lilimchoma kuliko kile kicheko.

Nabii mgeni ndiye aliyemvua ile miwani, kwa mkono wake mwenyewe, katika mkutano wa uponyaji. Alitangaza kwamba Murhula amepona, kisha akaitundika kwenye msumari nyuma ya madhabahu, kando ya pompi ya kuvutia dawa ya pumu ya Huguette, mwimbaji wa kwaya. Mchungaji Ildephonse aliuita ukuta ule "ukuta wa ushindi". Tangu hapo, aliyelalamika kwamba haoni, au kwamba pumzi inambana, aliitwa mwenye imani haba.

Na Murhula aliamini. Kila asubuhi aliamka, akafungua macho polepole, akitumaini. Kila asubuhi dirisha lilikuwa doa jeupe, na uso wa mkewe Caritas ulikuwa doa jeusi lililomwambia chai iko tayari.

Kusoma alijifunza akiwa mtu mzima, katika masomo ya jioni, baada ya kutwa nzima ya kupiga randa, vumbi la mbao likiwa bado kwenye nywele. Jumapili alikuwa akilisomea kanisa Neno. Ile ilikuwa fahari yake na hakuificha. Sasa alikaa benchi la nyuma kama mtoro.

"Rehema ya Mungu inatosha," Mchungaji alimwambia alipokwenda kuiomba miwani yake. "Ukirudia lineti, umesema Mungu ni mwongo."

Jumapili nabii alirudi, akiwa na wageni wenye kamera. Caritas alimfunga mumewe vifungo vya shati.

"Leo usigombane na watu."

"Mi nagombana na nani?"

"Sura yako imeshaanza."

Kwaya ilipokaa, Mchungaji alisimama mbele. "Papa Murhula aje atusomee! Bila lineti!"

Ngoma zililia, vigelegele vikapigwa. Murhula akapita mbele, akawekewa Biblia mikononi ikiwa wazi. Ukurasa ulikuwa kama unga uliomwagika, na sisimizi juu yake. Mchungaji akamwinamia sikioni.

"Ni ile zaburi ya toba. Ile unaijua kwa kichwa."

Murhula alianza. Maneno yalitoka yenyewe, kwa sauti ile ile iliyowahi kulinyamazisha kanisa zima. Watu wakapaza sauti za shangwe, kamera zikasogea. Utamu ulioje! Angeweza kumaliza, akarudishiwa heshima yake yote, na hakuna ambaye angejua. Lakini alifika pale mtunga zaburi anapomwambia Mungu kwamba anachokitaka Yeye ni kweli ndani ya moyo wa mtu, na ulimi wake ukagoma.

"Endelea, Papa," Mchungaji alisema akitabasamu.

Murhula aliifunga Biblia kwa kishindo.

"Apana. Mi sisomi. Humu ndani naona unga tu. Hii zaburi naijua kwa kichwa, na we Pasta unajua kama naijua. Umeniambia sasa hivi hapa kwa sikio!"

"Papa Murhula, shetani anatumia kinywa chako!"

"Shetani ndiye anaogopa ukweli, si mimi!" Aliwageukia watu. "Mi namwomba Mungu macho kila asubuhi. Hajanipa. Na ni Mungu wangu vilevile, namtegemea vilevile. Akinipa kesho, nitakuja kuimba hapa mpaka sauti ikauke. Lakini rehema yake haijakosa mashahidi hata mumutafutie wa uongo! Na ile lineti, nani alinipa kama si Yeye?"

"Ngoma!" Mchungaji aliamuru. "Pigeni ngoma!"

Mpiga ngoma alitazama viatu vyake.

Murhula alizunguka madhabahu, akaupapasa ukuta mpaka vidole vikagusa waya aliouzoea wa miwani yake. Akaifuta miwani kwa ncha ya shati lililopigwa pasi asubuhi ile, akaivaa. Kitu cha kwanza alichokiona ni utando wa buibui kwenye msumari. Cha pili kilikuwa Huguette, ameshika mgongo wa benchi kwa mikono yote miwili, midomo imepauka, mabega yanapanda na kushuka. Na nyimbo zote alikuwa ameziimba akiwa hivyo!

"Papa," Huguette alisema kwa pumzi kidogo aliyokuwa nayo, "na ya kwangu."

Nabii alinyoosha mkono kumzuia Murhula. Murhula aliutazama mkono ule, safari hii akiuona vizuri, pete na yote, mpaka ukarudi ulikotoka. Kisha akaitungua pompi, akashuka nayo mwenyewe hadi kwenye kwaya. Kanisa zima lilisikia ile sauti fupi ya dawa ikiingia, na baada yake pumzi ndefu.

Murhula akarudi mbele. Hakuna aliyemkaribisha, na hakuna aliyemkataza. Akafungua Biblia, akatafuta kwa kidole pale alipokwamia, akasoma.