Birika Lililonyamaza

Jioni hiyo Chikako alikuwa amepiga magoti kwenye ukumbi wa nyumba za muda, akibadilisha betri za vidude vyake, alipoona kwenye simu kwamba taa ya Bibi Monma ingali ya kijivu. Za wenzake wote zilikuwa za kijani. Kila kidude kilifungwa kwenye birika la umeme la mzee anayeishi peke yake. Akimimina maji ya chai, taa huwaka, na Chikako, mtafiti wa chuo kikuu, hujua kumekucha salama. Pale hata mgonjwa wa kitandani hakosi chai. Lakini birika la Bibi Monma lilikuwa kimya tangu jana.

Alipiga simu. Ikaita mpaka ikakata.

Mzee Kowata, mwenyekiti wa mtaa, alikuwa akiota moto kwenye jiko la mafuta.

"Mwalimu, mbona umepauka?"

"Bibi Monma hajanywa chai tangu jana."

Mzee akaweka kikombe chini bila mzaha, naye hata kusalimia hasalimii bila mzaha. Walimkumbuka yule mzee wa safu ya nyuma, aliyekutwa amekwisha kupoa, na jirani wa ng'ambo ya ukuta hana habari. Kule pwani, kabla mionzi ya mtambo wa nyuklia haijawahamisha, jirani aliingia kwako bila hodi. Huku milimani walipewa milango yenye kufuli. Ndiyo maana Chikako alileta vidude, na wazee wakamkubalia, wakinung'unika kwamba sasa hata kiu yao inapelelezwa.

Wakaikanyaga theluji upesi upesi. Mapazia ya Bibi Monma yalikuwa yamefungwa.

"Bibi! Bibi Monma!"

Chikako akampigia tena, wakaisikia simu ikilia ndani. Mzee akatoa ufunguo wa akiba.

"Na kama anakoga?"

"Nitaomba radhi."

"Wewe utaomba radhi. Mimi nitapigwa ndoo."

Ndani, godoro lilikuwa limekunjwa. Birika lilichomolewa, waya wake umezungushwa vizuri kama kamba ya mzigo. Chikako alifungua bafu, akafungua kabati, akiogopa kila mlango kuliko uliotangulia.

"Kowata! Umeanza wizi uzeeni?"

Bibi Monma alisimama kizingitini, figili nyeupe zimemjaa mikononi, theluji kwenye buti. Chikako akaketi palepale sakafuni, akicheka huku machozi yanamtoka.

"Tulidhani umekufa," Mzee alisema.

"Nife, na figili zangu zimo ardhini?"

"Na birika, bibi?" Chikako aliuliza.

Bibi alizilaza figili taratibu. "Nimeacha chai. Rafiki yangu Fumi anapasuliwa moyo. Mpaka atoke hospitali, chai haipiti kooni mwangu. Nikiuona ule mvuke tu nitavunja nadhiri, ndiyo nikachomoa."

Mzee alijipiga paji la uso. "Mjinga mimi! Mama yangu aliacha chai mpaka mguu wangu ulipopona."

Chikako naye aliijua desturi hiyo ya kujinyima ukipendacho unapomwombea mgonjwa; aliisikia tangu utotoni. Ila alipochagua birika, aliwaza kiu ya watu, hakuwaza maombi yao.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nadhiri haitangazwi, Mwalimu. Ona sasa, mmenifanya niseme."

"Miungu itatuandikia sisi kosa hilo," Mzee alisema.

"Wewe umekwisha kujaza daftari lao."

Chikako akafungua skrubu za kidude. "Tukihamishie kwenye sufuria ya umeme ya wali?"

"Sawa. Wali sijauacha. Fumi ni rafiki, lakini si kiasi hicho."

Waya wa sufuria ukagoma kufika kwenye soketi. Duka la vifaa lilikuwa limekwisha kufungwa.

"Kesho nitaleta waya mrefu," Chikako alisema. "Kisha nitapita mlango kwa mlango, niulize nani ameacha nini."

"Hawatakuambia."

"Basi nitauliza ni kipi ambacho hawajaacha."

Bibi Monma alifikiri, akaafiki kwa kichwa. "Uje mapema. Nitafungua pazia, ujue nipo."

Chikako aliweka skrubu kwenye kisahani, kidude kikabaki wazi juu ya meza, nusu kimefunguliwa. Akaomba maji. Bibi akamletea ya bomba, baridi yenye kuuma meno, akammiminia Mzee, kisha akajimiminia na yeye. Wakanywa wote watatu wamesimama.