Kola ya Marehemu

Pale kwa dobi walimwita Barafu, yeye aliyeshinda na pasi ya moto kutwa nzima. Utani wao hakuwa akiucheka, na huo nao hakuucheka.

Siku moja aliachiwa kaunta kidogo. Akaingia mama mmoja na shati jeupe la mumewe, la kuzikwa nalo. Barafu akalikunjua, akaligeuza huku na huku.

"Kola imechakaa. Niigeuze?"

Yule mjane akamkodolea macho, akaitikia kwa kichwa, akaondoka. Bosi alikuwa mlangoni, amesikia yote.

"Mtu kafiwa, wewe unamwambia kola imechakaa! Hata pole? Kesho akija, umwombe radhi mbele yangu. La sivyo, tafuta kazi kwingine."

Nyumbani, Barafu alimsimulia mumewe kama anayesoma tangazo ukutani. Miezi michache nyuma walikuwa wamempeleka mtoto wao kliniki. Daktari akawa anauliza maswali kuhusu mtoto, na kila swali Barafu akajikuta yumo. Wakatoka na usonji wa watu wawili, mama na mwana, hali ya ubongo ya kuzaliwa nayo. Tangu hapo mumewe alimwendea taratibu, kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio iliyokataa kushika.

"Haya, tujaribu," mume akasema, akajitanda shuka kichwani. "Mimi ndiye mjane."

"Pole kwa msiba, mama."

"Inamisha kichwa. Si hivyo, mke wangu! Umekuwa askari anayedai kitambulisho."

Akarudia, akarudia tena. Hakusikia kitu chochote kifuani, si hofu wala aibu.

"Kwa nini usiwaambie tu alichosema daktari?"

"Watasema najitetea."

Asubuhi aliifumua ile kola, akaigeuza, palipochakaa pakaelekea ndani. Akaishona, akaipiga pasi mpaka ikasimama.

Mjane alipofika, bosi alikohoa. Barafu akasogea, kichwa akakiinamisha, na maneno yote ya jana yakamtoka akilini.

"Nimeigeuza," akasema. "Uso wangu hauonyeshi kitu, mama. Daktari amesema nina usonji. Nilitaka azikwe na kola nzuri."

"Mungu wangu," bosi akanong'ona.

Mjane akapitisha kidole kwenye ule mshono, taratibu, mwanzo mpaka mwisho.

"Mimi tangu juzi sijalia," akasema. "Mawifi zangu wananiteta, eti nimefurahi." Akalikumbatia shati. "Wewe ndiye wa kwanza uliyelitazama shati lake. Wengine wote wananitazama mimi, kama nitalia."

Hakulia hata hapo. Akaaga, akaenda zake.

Bosi akabaki amesimama, akijifuta mikono isiyo na maji.

"Haya, rudi kwenye pasi," akasema mwishowe. "Huo usonji utanieleza mchana, polepole. Na kaunta sikupi tena."

"Sawa. Kaunta siipendi."

Bosi akaangua kicheko. Barafu hakucheka. Pasi ilikuwa imepoa. Akaiwasha, akasimama kando yake akingoja ipate moto.