Kioo Kilikwenda Iringa

Siku ya kumaliza msiba wa Seni, wazee wa ukoo waligawa vitu vyake mmoja mmoja. Koti kwa huyu, baiskeli kwa yule. Walipofika kwenye kompyuta, baba mdogo Magesa, aliyetoka Iringa, akanyoosha kidole kwenye kioo. "Hiyo TV nitaichukua mimi." TV! Watu wazima wamekaa kwenye viti wanaitazama monita, hakuna hata mmoja wa kusema. Damari, mjane mwenyewe, alijua. Lakini mjane siku hiyo hukaa mkekani, kanga kichwani, haulizwi. Yeye akapewa kisanduku cha kompyuta na kibodi.

Kumbe ndani ya kisanduku mlikuwa na Seni mwenyewe, akitembea. Damari alikuwa amempiga video kule Usangu, akivuka mbuga nyuma ya ng'ombe wa mama yake, akicheka na fimbo begani. Sauti haikushika, kipaza sauti cha kamera kilikuwa kimeshakufa. Ilikuwa ya kutazamwa tu.

Na mwenye hamu ya kutazama alikuwa Bi. Kabula, mama mkwe wake, ambaye presha ya macho ilimleta Uyole kwa Damari apate matibabu. Daktari hakumficha: uoni uliobaki nao unaondoka.

"Picha za ukutani zimesimama, mkamwana," alisema. "Mimi nataka nimuone akitembea. Mara moja tu, halafu macho yaende yanakokwenda."

Damari akampigia Magesa. "Ile TV?" Magesa akaguna. "Haikushika hata chaneli moja! Niliwapa watu wa chuma chakavu." Damari nusura atupe simu. Hata hivyo mzee aliona haya, maana wiki hiyohiyo alituma monita mpya kwa basi, nyembamba, nzuri kweli.

Nzuri ya kazi gani? Kompyuta ya Seni ilikuwa na tundu la bluu la VGA, la kizamani. Monita ina tundu moja tu bapa, la HDMI. Haviingiliani ng'o. Fundi mmoja alishauri diski ichomolewe ipelekwe kwake, Damari akakataa katakata: jirani yake alipeleka ya kwake, ikarudi tupu.

Akaenda sokoni Mwanjelwa. "Nipe cha kuunganisha ya zamani na mpya," alimwambia muuzaji. Akapewa adapta. Nyumbani kila kitu kikaingia sawasawa. Bi. Kabula akavuta kigoda hadi karibu kabisa, akajifuta macho kwa pindo la kanga. Monita ikawaka, ikaandika kwamba haipati kitu, ikazima. Damari akachomoa, akapuliza, akachomeka. Ikazima.

"Tayari?" Bi. Kabula akauliza.

"Bado, mama."

Kesho yake fundi Brayson wa Mwanjelwa aliigeuza ile adapta mkononi, akacheka kidogo. "Dada, hii inatoa picha kwenye kompyuta mpya kupeleka kwenye monita ya zamani. Wewe unataka kinyume chake. Na haigeuki hii, hata uibembeleze." Alikuwa nayo ya kinyume? Hakuwa nayo. Wenzake? Hawakuwa nayo. Ikaagizwa Dar.

Loo, kungoja kule! Kila alasiri Bi. Kabula alikaa kigodani mbele ya kioo cheusi. Kwanza alimtambua Damari mlangoni. Baadaye akawa anauliza nani huyo. Damari alikuwa akimpigia Brayson, anajibiwa mzigo uko njiani, anakata simu, anajificha jikoni kulia. Angefanya nini? Angeisukuma gari?

Adapta ikafika. Damari akachomeka, akaunganisha na kiwaya chake kidogo cha kuvutia umeme kwenye kompyuta. Picha ikatokea! Akatafuta faili, akabonyeza, na Seni akaingia mbugani, fimbo begani, mzima kabisa.

"Mama! Huyo! Huyo hapo!"

Bi. Kabula akasogeza uso hadi pua ikakaribia kugusa kioo. Akakaa hivyo.

"Washa basi, mwanangu," alisema.

Damari alitaka kudanganya, akakosa hata uongo wenyewe. "Imewaka, mama."

Bi. Kabula akanyoosha mkono wa kulia, kidole cha shahada mbele. "Niwekee alipo."

Damari akairudisha video mwanzo. Akakishika kile kidole, akakibandika kifuani kwa Seni, na Seni alipoanza kutembea akakisogeza naye, taratibu, akipita nyuma ya ng'ombe, akipita mti mkavu, akicheka bila sauti, mpaka pembeni kabisa mwa kioo. Hapo kidole kikagota kwenye plastiki.

"Mbona umesimama?" Bi. Kabula akauliza.

"Ameishia hapo, mama. Ametoka."

"Basi mrudishe."