Pengwini Wako Amekula Intaneti

...na sasa imejibu, hebu ona, mistari hiyo inashuka kwenye skrini nyeusi, kila mstari ni salamu kutoka kwa modemu iliyoko sebuleni, nipo, nipo, nipo, na fundi saa akaanza kuachia tabasamu, mara mistari ikakatika, mtandao haufikiki, tabasamu akalimeza... si kawaida hii, kitu kibovu ni kibovu, saa iliyokufa haifufuki ikakupigia kidogo halafu ikakukonyeza na kufa tena, na yeye saa za watu amezifungua tangu hajaota ndevu... akaandika tena amri ya kuuanzisha mtandao upya, nywila, bonyeza, subiri, na nyuma ya ukuta mkewe anasema kitu kwa sauti ya chini, bila shaka yuko kwenye simu na dada yake, bila shaka anayesemwa ni yeye, "...nilikuambia utulie, hutaki...", ndiyo, ni yeye huyo, nani mwingine asiyetulia katika nyumba ya watu wawili? Wamenuniana tangu asubuhi, intaneti ilipokatika chai ikiwa mezani, mkewe akasema hapo hapo, hata kikombe hajakitua, "Pengwini wako amekula intaneti," maana wiki iliyopita yeye alifuta mfumo wa zamani kwenye kompyuta akaweka Linux, ule wenye nembo ya ndege mnene asiyeruka, na ulikuwa unakwenda kama maji, mkewe mwenyewe alikiri, basi fundi akajibu, "Pengwini anakula samaki, mama, intaneti hali," akacheka peke yake, kumbe haukuwa wakati wa utani, jioni hii binti yao anakula kiapo cha uwakili, mbali huko, ukumbini hawapokei wageni, wazazi wataangalia kwenye kompyuta, na simu zao wawili hawa ni zile za vitufe, za kupiga na kupokea basi... mkewe ameshapiga pasi gauni, gauni la kukaa nalo ndani mbele ya skrini! na yeye akiukosa mkono wa mwanawe ukiinuka, mtoto aliyesoma akisinzia juu ya vitabu, hatajisamehe, na mkewe ndiyo kabisa, jina la pengwini litatajwa mpaka siku ya kufa... haya, imejibu tena, nipo, nipo, usiguse chochote, usikohoe, "lala kidogo, nitakuamsha," mkewe huyo, kisha ukutani ta! kama kitufe, na mistari ikakatika. Lala kidogo? Nani anaambiwa alale mchana kweupe, dada yake? Dada mtu haambiwi alale, huyo hata kunyamaza haambiwi... na sauti ile anaijua, si sauti ya simu, ni sauti ya wodini, mkewe aliuguza watu mpaka akastaafu, ndiyo sauti aliyomsemesha binti yao homa ilipompanda, ndiyo aliyomsemesha yeye mwenyewe alipopasuliwa ngiri akawa analia kama mtoto... Mungu wangu, anaiuguza modemu! Na dawa yake kwa kila chombo ni moja, redio, pasi, friji, zima, kipumzike, washa, basi fundi akakaza macho ukutani kana kwamba anaona hadi ng'ambo, akamwona amekaa sakafuni na magoti yake mabovu, anakodolea vitaa vile vya kijani, yeye huku akiuanzisha mtandao upya kitaa cha kebo ya kompyuta kule kwenye modemu kinazimika, mkewe anadhani mgonjwa kazirai, ta! anazima, huku yeye anaona kimya, anadhani kosa ni lake, anaanzisha upya, kule kitaa kinazimika, ta!... mchana kutwa wanavunjiana kazi, mafundi wawili wasiosemeshana, na hitilafu yenyewe huenda ilijiondokea zamani bila kuaga. Kicheko kikamjaa mpaka akauma mkono wa shati, akavuta pumzi apige kelele, iache hiyo modemu, wewe ndiye unayeiua! na angekuwa amesema kweli, nusu ya kweli, na mkewe angeinuka kimya, na jioni wangetazama kiapo cha mwana wao kila mmoja na kiti chake upande wake... kumbe hakuwa anamsema, mchana wote huo hakuna aliyesemwa, alimtukana pengwini kisha akaenda kumhangaikia, na fundi akaona raha, raha ya kweli, na aibu kidogo pembeni, anampenda mwanamke huyu na ubishi wake wote. Akaitoa mikono kwenye kibodi, na kwa kuwa anaijua mikono yake, akaikalia. Mtandao haufikiki, inasema skrini. "Haya baba, fumbua macho," unasema ukuta, "usiniaibishe, mwanangu anaapa leo." Hakuna mstari hata mmoja bado, usiharakishe, mgonjwa aamke mwenyewe, atakapoamka mkewe ataingia hapa kifua mbele na intaneti aliyoitengeneza, na fundi atahitaji uso wa kushangaa, akautengeneza, akajaribu na maneno kwa kunong'ona, "We mama, umeifanyaje?" akacheka, hapana, hivyo atashtukia, akajikohoza, akaanza upya.