Firigisi ya Mwenye Nyumba

Wewe uligeuza uso siku ile. Usikatae. Ulikuwa sokoni unachagua kapenta, wale dagaa wakavu, moja moja, na kapenta haijapata kuchaguliwa kwa makini namna ile, huku majirani wakipita na magodoro kichwani kuelekea stesheni, wamefukuzwa kwa sababu babu zao walitoka Kasai. Basi kaa sasa, usikie jinsi watu walivyokula.

Jumapili moja, mwaka uliofuata, Papa Musonda alipokea wakwe waliokuja kumposa binti yake, nyumbani mtaani Katuba. Mishahara ilikuwa imekufa, lakini mgeni ni mgeni. Mke wake, Mama Honorine, alitandika kitambaa cha kufuma, akapanga sahani, sombe ya majani ya muhogo, ugali wa bukari uliofunikwa, na jogoo wa mwisho wa kiwanja. Kitambaa, sahani na meza vilikuwa vya Papa Symphorien, fundi wa reli, mmoja wa wale wa magodoro. Nyumba pia. Papa Musonda alisema anaichunga tu. Mlango alikuwa amekwisha kuupaka rangi mpya.

Mama Honorine alipita na beseni, akawamwagia wageni maji mikononi, akianza na Mama Delphine, mama wa bwana arusi. Kisha akaweka firigisi ya jogoo kwenye sahani ya mume wake, maana firigisi ni ya mwenye nyumba, hata mtoto anajua. Wakwe huitazama hiyo kwanza. Kiki, binti aliyekuwa akiposwa, alishusha macho akingoja baba yake aile.

Firigisi ikashuka kutoka kwenye sahani yake. Ikatembea polepole kando ya bakuli la sombe, ikakwepa chumvi, ikapanda sahani tupu mbele ya kiti cha mwisho, kisichokaliwa na mtu. Papa Musonda akairudisha. Ikaenda tena, sasa haraka kidogo, kama mtu anayejua njia ya kwao.

"Bukari inapoa," alisema Mama Honorine.

"Ile firigisi iko na miguu muzuri," alisema Mama Delphine. "Mwenye nyumba iko wapi?"

"Njo miye, mama," alisema Papa Musonda.

"Weye? Papa Kiki, kuku amekufa na bado anakukatala!"

Wageni wakacheka. Papa Musonda akahamia kile kiti cha mwisho. Firigisi ikageuka, ikarudi kwenye kiti alichokiacha.

"Mwenyewe alisafiri," akasema Papa Musonda hatimaye.

"Na miye nilikuya kuomba binti kwa mwenye nyumba," alisema Mama Delphine.

Kiki aliacha kutafuna. Nje jirani aliita mbuzi wake. Mama Delphine akakata tonge, akalichovya kwenye sombe, akameza.

"Usione haya, Papa Kiki. Na siye tunachunga nyumba ya watu. Firigisi ya kwetu inatoka mpaka inje. Inakaa kwa mulango, inaangalia barabara. Tulishazoea."

Papa Musonda akapumua. Arusi ikakubaliwa pale pale, na jogoo akaisha.

Tangu siku hiyo, barabara nzima huipakua firigisi moja kwa moja mbele ya kiti kitupu, na kuifunika vizuri kwa heshima. Jumatatu hupewa paka. Hakuna aliyehama.

Na wewe, kuku wako wa mwisho, firigisi yake ilikwenda wapi? Usinijibu mimi. Nawa mikono, inuka kutoka kwenye kiti cha watu, chukua ufunguo wa nyumba unayoichunga, uupeleke stesheni umtafute mwenyewe. Leo. Bukari yake bado iko na moshi.